Hesabu Nyuma ya Orodha ya Mashuka

Nimepiga mstari katikati ya karatasi,
nyuma ya orodha ya jana:
foronya arobaini, taulo kumi na tisa,
shuka moja lenye doa la divai lisilotoka.
Kushoto nimeandika PETROLI. Kulia, DIZELI.
Penseli nimeichonga kwa kisu cha jikoni.

Shemeji Famau amepiga simu toka Mombasa,
yeye hukomboa magari bandarini, anaijua lugha yake:
"Injini ya dizeli ni kubwa, na ukubwa una ushuru.
Umri nao una bei: likizeeka halivuki,
likiwa jipya halikamatiki.
Kuna ushuru wa forodha, kuna wa bidhaa,
kuna kodi juu ya jumla ya hizo kodi,
na kila usiku likilala bandarini, shemeji,
linalala hotelini,
na hoteli ile haina bei ya mwenyeji."
Nacheka, naandika.
Upande wa kulia unajaa kwanza.

Lakini kituoni, njia ya Lamu inapochepuka,
ubao wa bei unasema mengine.
Kijana wa pampu anapangusa mikono kwenye suruali:
"Dizeli, mama, hunywa kama aliyefunga.
Petroli hunywa kama aliyealikwa."
Nafuta. Naandika upya.

Nikaenda Maweni kwa fundi Thoya.
Alikuwa chini ya Hailaksi, miguu tu nje,
basi nikazungumza na ndara zake.
"Dizeli ni punda," zikasema ndara.
"Mpe mzigo na safari, atakutii.
Mtume dukani na kurudi, dukani na kurudi,
atajiziba kwa masizi yake mwenyewe,
na siku nozeli zikifa, uza shamba."
"Na petroli?"
Ndara zikatulia kidogo.
"Huyo mbuzi. Atakula,
lakini utamfunga popote."

Marehemu Tsuma, mume wangu, alitaka dizeli.
Hakuwa na mzigo.
Alikuwa na Garsen, na Hola, na Garisa,
majina aliyoyataja usiku
kama mtu anayehesabu wadeni wake.
Sikumuuliza tungefuata nini huko.
Nilikuwa nalala, au najifanya.

Mimi safari zangu nazijua zote:
hoteli nne za Casuarina kila siku isipokuwa Ijumaa,
Watamu mara mbili kwa wiki, kupitia Gede.
Kilomita mia na arobaini, kwa wiki, na narudi kulala kwangu.
Nimechukua kilichozidi kwenye bei ya kununua,
nimekigawa kwa kile dizeli itakachoniokolea.
Jibu: miaka kumi na moja.
Nikagawa tena, nikidhani nimekosea.
Kumi na moja na miezi mitatu.
Magoti yangu hayana hiyo miaka.

Tena kuna harufu.
Mgeni hajalipa alale kwenye shuka jeupe
aote gereji.

Nikapiga mstari wa pili chini ya PETROLI, mzito,
penseli ikavunjika ncha.

Dzame alikuwa nyuma yangu, sare ya shule bado mwilini.
"Mama, safu ya tatu iko wapi?"
"Ipi?"
"Ya tuktuk ya Ngowa."
Akachukua kalamu yake ya wino,
asiulize, asikae:
mia saba kwa siku, siku sita kwa wiki,
tangu Februari tulipoanza kupiga hesabu,
wiki ishirini na sita.
Laki moja, elfu tisa na mia mbili.
Juu ya safu akaandika, kwa herufi kubwa kama zangu:
KODI YA KUFIKIRI.

Sikuwa na la kusema.
Nilimtuma akatazame kama foronya zimekauka.

Kisha honi, nje.
Ngowa amekuja kuchukua ya Watamu.
Tumepakia wote watatu, vifurushi hadi darini,
na alipokuwa akiwasha nikamuuliza,
kama mtu anayeuliza hali ya mama yake,
yake inakunywa nini.

"Petroli," akasema. "Kwa nini?"
Nikamwambia aendeshe polepole,
mashuka yamekunjwa.